Kutunza krenkishafti za akiba kwenye karakana ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yangu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, Tanga, na upepo wa bahari unaingia humo bila hodi. Nina krenki nane za akiba (krenki ni krenkishafti, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni): nyingi ni za injini za Toyota aina ya 2L na 3L, mbili za Land Rover za zamani, na moja ya 1HZ, injini ya Toyota ya silinda sita, ambayo siigusi mpaka nipate mtu wa kunisaidia kuinua. Vijana wanaokuja kujifunza kazi, na wenye magari wanaoniachia vyuma vyao, huniuliza yaleyale kila mara. Nimeona niyaandike.

Neno moja kwanza. Nikisema shingo, nina maana ya zile sehemu za mviringo zilizong'arishwa ambazo beringi hukalia. Shingo za meni hukaa kwenye bloki. Shingo za konrodi hushikwa na konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki. Karibu kila ninachosema hapa chini ni habari ya kulinda hizo shingo.

Krenki isimamishwe au ilazwe?

Simamisha ukiweza. Isimame kwa upande wa flanji, pale flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini) inapofungwa, kwa sababu ndipo penye upana na uzito. Usiisimamishe kwa pua. Upande wa pua ni mwembamba, una mfereji wa kii na nyuzi za bolti ya puli, na krenki iliyosimama hivyo inasubiri tu paka apite.

Ikisimama, hakuna shingo inayogusa kitu. Haichukui nafasi, na hakuna atakayeweka jeki au boksi la spana juu yake. Kwangu hizo ndizo sababu kubwa. Ile ya kupinda, ambayo ndiyo wengi huitaja kwanza, naiweka nyuma.

Lakini si tuliambiwa krenki ikilala muda mrefu inapinda?

Tuliambiwa wote. Nami niliamini kwa miaka mingi, mpaka nilipokaa na kupiga hesabu.

Pistoni ya 3L ina kipenyo cha milimita 96. Kila mafuta yanapowaka juu yake, inasukumwa chini kwa nguvu ya tani kadhaa, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye krenki, mara mamia kwa dakika, miaka nenda miaka rudi. Chuma kinachovumilia hayo hakiwezi kupinda na kubaki kimepinda kwa uzito wake tu kikiwa kimelala kwenye rafu. Kitabonyea kidogo sana, kisha ukikiinua kitarudi kilivyokuwa.

Sasa nitaje pale ambapo wazee walikuwa na haki. Krenki iliyonyooshwa kwa presi, au iliyotoka kusagwa, inaweza kuwa na mikazo iliyobaki ndani ya chuma, na mikazo hiyo inaweza kuirudisha kwenye upinde polepole hata kama haijaguswa. Krenki ndefu ya silinda sita iliyoegemezwa ncha mbili tu, katikati pakiwa hewani, nayo siipendi. Halafu kuna krenki iliyolala sakafuni na kukanyagwa, kuviringika, na kugongwa na tairi la toroli. Hiyo ikipatikana imepinda, watu watasema imepinda kwa kulala.

Nimepoteza krenki kwa kutu. Nimepoteza moja kwa kuanguka. Kwa kulala sijapoteza hata moja.

Nifanyeje isianguke?

Chukua ubao mzito, unene wa inchi mbili hivi, upana usiopungua futi moja. Toboa matundu mawili au matatu yanayolingana na matundu ya bolti za flaiwili, pitisha bolti kutoka chini na uikaze krenki juu ya ubao. Si lazima ukaze kwa nguvu ya injini. Kinachotakiwa ni krenki na ubao viwe kitu kimoja. Vichwa vya bolti vizame ndani ya ubao ili usiyumbe. Kisha pitisha mnyororo au kamba ngumu kiunoni mwa krenki, uifunge kwenye nguzo ya ukuta.

Usipuuze mnyororo. Nyumbani si gereji: kuna watoto, kuna mpira unaorushwa, kuna kuku. Krenki ya gari dogo tu inatosha kuvunja mguu wa mtoto.

Weka kipande cha plastiki ngumu kati ya flanji na ubao. Mbao hunyonya unyevu, na zingine hutoa asidi, hasa zikiwa mbichi. Uso wa flanji ukiliwa na kutu, flaiwili haitakaa sawa.

Naweza kuining'iniza?

Unaweza, na ni njia nzuri kuliko zote kama paa lako linabeba. Fungia kipande cha bamba kwenye flanji kwa bolti mbili zinazotazamana, kisha uning'inize kwa mnyororo. Usitumie waya wa kufungia nondo, na usiifunge kamba shingoni. Na hakikisha unaning'iniza kwenye boriti yenyewe. Papi za kushikia mabati si za kazi hiyo.

Sina nafasi. Lazima ilale.

Ilale basi, ila si sakafuni. Tengeneza vibao viwili au vitatu vilivyochongwa umbo la V, uvipange chini ya shingo za meni. Krenki ya silinda nne yenye meni tano, ishike meni ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ndani ya V bandika plastiki ngumu au ngozi safi iliyopakwa mafuta. Mpira wa tyubu siupendi kugusa shingo: unaacha doa na unafungia maji chini yake. Kila ukija kukagua, izungushe robo mzunguko, hasa ili mafuta yasiishie upande wa chini peke yake.

Nipake nini?

Hapa ndipo krenki inapopona au inapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitu bora ni dawa ya kuzuia kutu inayokauka na kuacha utando kama nta. Inauzwa kwenye makopo ya kupuliza. Ukiikosa, grisi safi iliyopakwa nyembamba kote inafanya kazi vizuri, ingawa siku ya kuitoa utasugua hadi uchoke. Oili mpya nzito ya injini inafaa kwa miezi michache. Tatizo lake ni kwamba inatiririka. Ukiangalia krenki iliyosimama baada ya miezi mitatu, utakuta dimbwi kwenye ubao na shingo za juu zimekauka.

Lile kopo la bluu na njano ambalo kila mtu analo, WD-40, lina kazi yake: linafukuza maji. Puliza baada ya kuosha, futa, kisha paka kitu kizito juu yake. Peke yake halitoshi kuvusha masika.

Usipake oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ina masizi, ina asidi, na mara nyingi ina maji. Usipake mafuta ya kupikia wala ya nazi. Najua ya nazi yapo kila nyumba ya pwani, na yanang'arisha kweli, lakini yanaharibika na kuacha gundi, na siafu watakuja kuyaonja.

Jambo jingine ni mikono. Jasho lina chumvi. Nimewahi kuona kwenye shingo iliyosagwa vizuri kabisa alama ya kidole gumba iliyochorwa kwa kutu, mistari yote ya ngozi ikisomeka kama kwenye kitambulisho. Aliyeishika alikuwa ametoka kula muhogo wa chumvi. Vaa glavu, au shika kwa kitambaa chenye mafuta, na ushike kwenye ule uzito wa kusawazisha, usishike shingo.

Nifungie kwa nini? Gazeti linafaa?

Halifai hata kidogo, na hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja kabla ya masika niliifunga krenki ya 3L kwa gazeti, nikaipaka oili juujuu, nikaiweka kwenye kona. Mvua zilipoisha nilifungua. Kutu ilikuwa imefuata mikunjo ya gazeti, mstari kwa mstari, na kwenye shingo ya tatu maandishi yalikuwa yamejichapa kinyumenyume. Ilikuwa standadi, haijawahi kusagwa. Nililazimika kuipeleka kwa fundi wa mashine ipunguzwe milimita 0.25. Nilikula mwenyewe saizi moja ya uhai wake.

Karatasi ya kawaida inakunywa unyevu wa hewa na kuushikilia palepale kwenye chuma. Boksi la katoni ni hivyohivyo. Gunia la katani, ambalo huku kwetu halikosekani, ndilo baya zaidi: linafyonza maji kama sifongo.

Ipo karatasi maalumu ya kuzuia kutu ambayo hutoa mvuke unaolinda chuma. Ndiyo ile ya kahawia au ya bluu ambayo vipuri vipya huja vimefungwa nayo. Usiitupe ukifungua boksi. Ikunje uitunze ndani ya mfuko uliofungwa, maana ikiachwa wazi nguvu yake inapotea hewani. Kama huna, tumia kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa oili mpya, au plastiki nyembamba ya jikoni iliyozungushwa moja kwa moja juu ya grisi ili isiache nafasi ya hewa. Kisha funika yote kwa mfuko mzito wa nailoni, na mdomo wa mfuko ufungwe chini.

Angalizo: nailoni juu ya chuma chenye unyevu ni jasho tupu. Mchana bati linachoma, usiku linapoa, na maji yaliyofungiwa ndani yanatoka kama matone. Kausha kwanza kabisa. Mimi huiacha juani hadi iwe ya moto kushika, halafu naipaka ikiwa bado na joto. Wala usizungushe gundi ya plasta au selotepu kwenye shingo.

Pakiti za silika zinasaidia? Na mchele?

Silika inasaidia kama mfuko umefungwa kweli. Pakiti zilizoloa unaweza kuzikausha kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili hivi, kama vifuko vyenyewe vinavumilia joto. Mchele upike ule. Ndani ya karakana utaleta panya tu.

Kabla ya kuihifadhi nifanye nini?

Ioshe. Mafuta ya taa au dizeli na brashi, kisha upepo wa kompresa. Mkazo uwe kwenye matundu ya oili. Ndani ya krenki kuna njia za mshazari zinazotoka shingo za meni kwenda shingo za konrodi, na ndimo uchafu unamojificha. Krenki iliyotoka kusagwa ina vumbi la jiwe humo. Pitisha brashi nyembamba ya kuoshea chupa za watoto, piga upepo, pitisha tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kama njia zimezibwa kwa vizibo vya nyuzi, vifungue. Nimeona krenki iliyooshwa nje ikang'aa kama sufuria la bibi harusi, halafu ikatafuna beringi mpya ndani ya wiki.

Angalia nyufa. Hakuna faida ya kutunza miaka mitano krenki iliyopasuka. Karakana ya nyumbani ina njia ya kizamani: ipake mafuta ya taa, iache yaingie, ifute ikauke kabisa, kisha ipake chokaa laini au unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatarudi nje na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Tazama hasa pale shingo inapokutana na mkono wa krenki. Wengine huining'iniza na kuigonga kwa nyundo ndogo wasikilize kama inalia kama kengele. Mlio mfu ni sababu ya kutilia shaka, lakini mlio mzuri si cheti. Kwa injini ya thamani, ipeleke ipimwe kwa sumaku, na uhakikishe wameiondoa sumaku baada ya kipimo, la sivyo itavuta vumbi la chuma kila inakokwenda.

Pima. Mikromita, kila shingo, kwa pande mbili zinazokatana, na karibu na ncha zote mbili, ili ujue kama imekuwa yai au imechongoka. Andika.

Niandike nini kwenye lebo?

Aina ya injini, tarehe, kipimo cha shingo za meni, kipimo cha shingo za konrodi, na kama ilinyooshwa au kusagwa. Usiseme utakumbuka.

Krenki inaweza kuwa 0.25 kwenye meni na 0.50 kwenye konrodi, na kwa macho huwezi kujua. Kwa injini za inchi utasikia mafundi wakisema ten, twenti, theti. Ndiyo hayohayo, ila kwa sehemu za elfu za inchi. Njia rahisi ya kuacha ushahidi ni kutunza beringi moja ya zamani ya kila aina, maana mgongoni mwake pamegongwa STD, 025 au 050. Ila ipime krenki vilevile. Kuna watu hufunga beringi isiyo yake.

Lebo ya karatasi italoa oili na kufutika. Kata kipande cha kopo la soda, andika kwa kugandamiza msumari, kifunge kwa waya kwenye tundu la flanji.

Zile mbili zangu za Land Rover zinanikumbusha. Zote ni za injini ya lita 2.25. Moja ni ya meni tatu, nyingine ya meni tano, kwa kuwa kiwanda kilibadilisha mwaka 1980. Haziingiliani. Mteja aliwahi kusafirisha krenki kwa basi usiku kucha kwa sababu lebo ilisema "Land Rover 2.25" na basi.

Nimenunua ya mtumba. Naweza kuiweka kama ilivyo?

Hapana. Iwe imetoka Gerezani ya Dar, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, au imekuja kwa kontena kutoka Sharjah, ichukulie kuwa ina chumvi na vumbi chini ya ile oili inayong'aa. Ioshe siku hiyohiyo.

Tayari ina kutu. Itapona?

Inategemea kina. Nafasi ya oili kati ya shingo na beringi, kwa magari mengi madogo, ni kati ya milimita 0.02 na 0.06, yaani chini ya unywele mmoja. Sasa fikiria kishimo cha kutu ndani ya nafasi hiyo.

Pitisha ukucha. Kama ni rangi tu na ukucha haukwami, kata utepe wa msasa laini sana wa maji, uloweke oili, uzungushe shingoni, halafu juu yake zungusha kamba ya kiatu uvute huku na huku kwa mizunguko sawa. Osha tena matundu. Ukucha ukikwama, iende mashine. Kwa krenki iliyowekewa ngozi ngumu kwa naitraidi, muulize fundi kwanza: ngozi ile ni nyembamba, na ikisagwa ikaisha, shingo italika upesi.

Msasa wa mbao, brashi ya waya ya grainda, tindikali ya betri: hapana, hapana, hapana.

Krenki za kisasa zenye meno ya sensa?

Lile bamba la meno hupinda kirahisi, na jino moja likipinda injini itakohoa au isiwake kabisa. Krenki isiegemee hapo. Zingine hazina meno ila zina duara la sumaku; ziweke mbali na spika za zamani na sumaku za kuchomelea.

Je, niiache tu ndani ya bloki?

Kama bloki ni yake na ni nzima, ni mahali pazuri sana. Imeshikwa kila meni na haigongwi. Paka mafuta mazito ya kufungia injini kwenye beringi, rudisha vifuniko vya meni kila kimoja mahali pake na kwa mwelekeo wake, ziba matundu yote, mimina oili kidogo kwenye silinda, na uizungushe kila mwezi. Bila beringi usiifunge humo. Chuma kwa chuma kitachubuana.

Niikague kila baada ya muda gani?

Huku pwani, mara mbili kwa mwaka: mwezi wa pili kabla ya masika, na mwezi wa tisa kabla ya vuli. Dodoma au Arusha unaweza kuvuta hadi mwaka, ila vumbi la huko nalo lina adabu zake mbaya, kwa hiyo mfuko usiwe na tundu.

Fungua, tazama shingo za juu kwanza, paka upya palipokauka. Angalia na ubao wenyewe. Mwaka juzi mchwa walikula kibao cha chini cha moja ya 2L kwa ndani, nje kikabaki kizima kama biskuti. Mnyororo ndio uliookoa krenki. Sasa kila ubao nausimamisha juu ya matofali, na sitegemezi kitu sakafuni, kwa kuwa zege nalo hupandisha unyevu.

Siku ya kuitoa?

Ondoa grisi yote, hata ndani ya matundu. Grisi ya kuhifadhia ikibaki humo inaziba oili siku ya kwanza kabisa ya kuwasha. Pima tena na ulinganishe na lebo. Ilaze kwenye V mbili za mwisho, weka dayali geji (ile saa ya kupimia kuyumba) kwenye meni ya katikati, izungushe polepole. Vitabu vingi vya magari madogo huruhusu kuyumba kati ya milimita 0.03 na 0.06, fuata cha injini yako. Kagua pale mdomo wa oili sili unaposugua, maana watu hulinda shingo wakasahau hapo, na injini mpya ikaanza kuvuja nyuma kabla haijafika Segera.